Bunduki ya jeshi iliyostaafu: ipi ununue kwanza ukiwa Marekani

Mwongozo huu ni wa wanaoishi Marekani tu. Uingereza ilipiga marufuku raia kumiliki bunduki kubwa za nusu otomatiki mwaka 1988, baada ya mauaji ya Hungerford, na kwetu Afrika Mashariki mtu hachezi na silaha ya kijeshi. Marekani mambo ni mengine. Ndugu zetu wanaokwenda uwanja wa shabaha, au wanaopenda historia ya vita, mwisho huanza kuulizia zile bunduki za zamani za jeshi, za mbao na chuma, zinazotoa risasi moja kila ukivuta kifyatulio kisha zikajipakia zenyewe. Kila mtu anauliza ipi nzuri. Mimi huuliza kwanza: karatasi zako zikoje? Jibu la hapo linaweza kupindua orodha nzima.

Raia anaweza kununua kila ninachokitaja hapa, jimbo lake likiruhusu. Mwenye grini kadi anaruhusiwa pia: anakwenda kwa muuzaji mwenye leseni, anajaza fomu 4473, anaandika namba yake ya uhamiaji, na jina lake linakaguliwa kwenye mfumo wa FBI. Mwenye visa ya muda, iwe ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa ana sababu inayotambuliwa na sheria, kama leseni hai ya uwindaji. Tafadhali usiandike uongo kwenye fomu ile, na usikubali kumnunulia shemeji ambaye mambo yake hayajakaa sawa. Ni kosa la jinai la serikali kuu, na kwa asiye raia hukumu ya kosa la silaha inatosha kumrudisha kwao, hata kama ana watoto waliozaliwa hapa. Halafu soma sheria ya jimbo lako kabla hujatoa hata dola moja ya amana. New York, kwa mfano, tangu Septemba 2022 inataka leseni maalumu ya kununua raifali ya nusu otomatiki, na umri wa miaka 21.

Kwa raia, namba moja ni M1 Garand, na sioni ya kushindana nayo. Aliyeibuni ni John Garand, mzaliwa wa Quebec aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha serikali cha Springfield, Massachusetts. Jeshi la Marekani liliipitisha mwaka 1936, na zikatengenezwa zaidi ya milioni tano. Ina uzito wa kilo nne na ushee. Inachukua risasi nane za saizi ya .30-06 zilizofungwa kwenye kibanio cha chuma, na risasi ya mwisho ikitoka, kibanio kinaruka juu kwa mlio wa "ping" ambao ukishausikia hutausahau.

Naiweka juu kwa sababu ya mahali inapouzwa. Lipo shirika linaloitwa Civilian Marksmanship Program, CMP, lenye maduka Anniston huko Alabama na Camp Perry huko Ohio. Ndilo linalowauzia raia Garand za serikali, nyingine zikiwa zimerudishwa kutoka Ufilipino na Uturuki. Wao hupima mtutu kwa vipimo kabla ya kuuza, upande wa chemba, risasi inapokaa, na upande wa mdomo, kisha huipanga bunduki kwenye daraja. Namba ya kipimo ikiwa ndogo, mtutu haujalika sana. Sharti lao ni uwe raia, uwe umetimiza miaka 18, uwe mwanachama wa klabu inayotambulika, na uonyeshe kwamba umewahi kushiriki mambo ya shabaha. Mwenye grini kadi hapo hapiti. Atafute Garand dukani, na dukani inabidi macho yawe makali. Zamani ziko zilizokatwa vipande kama vyuma chakavu, watu wakaziunga tena kwa kulehemu. Kagua mwili wa chuma chini ya mbao: ukiona mshono, rangi mbili za chuma, au maandishi ya kiwandani yaliyofutika nusu, shukuru na uondoke. Jambo jingine, usiilishe risasi nzito za kisasa za kuwindia. Msukumo wa gesi yake unaweza kupinda fimbo inayoendesha bolti, kile chuma kinachofunga chemba, na fimbo hiyo si bei ya chai. Tumia risasi zilizoandikwa wazi kuwa ni za Garand.

Asiye raia, namba moja yake ni SKS, na mimi ningemshauri hivyo hata bila kujali karatasi kama bajeti ni ndogo. Hii hatuhitaji kutambulishwa. Waliokulia Tanzania wameiona begani mwa askari na kuisikia kwenye taarifa za habari kama "bunduki aina ya SAR". Ni kazi ya Mrusi Sergei Simonov: risasi za 7.62x39, magazini ya risasi kumi isiyochomoka, singe inayokunjwa chini ya mtutu. Ni fupi, haipigi bega kwa nguvu, na fundi wa kawaida anaielewa.

SKS zote hazifanani. Za Urusi, za Tula, ndizo watoza, yaani wanaokusanya bunduki za kale, hugombania. Za China ndizo nyingi. Mapema miaka ya 1990 ziliuzwa chini ya dola mia, mpaka serikali ilipozuia silaha za China kuingia mwaka 1994, na leo hata iliyochoka inakwenda kwa mamia ya dola. Za Yugoslavia, M59/66, zina kifaa cha kurushia guruneti mdomoni na mtutu usiopakwa kromu ndani, kwa hiyo ndizo zinazohitaji tochi zaidi ya zote. Muulize muuzaji kama unaweza kumulika ndani ya mtutu. Unataka kuona mistari iliyojipinda, yenye kingo kali na inayong'aa. Ukiona vishimo vyeusi kama ngozi ya ndui, hizo ni alama za risasi za chumvi, zile zinazoacha chumvi mtutuni, zilizopigwa bila mtutu kusafishwa. Risasi nyingi za zamani za Yugoslavia zina chumvi hiyo. Ukizipiga, mwaga maji ya moto mtutuni siku hiyo hiyo, kausha, paka mafuta. Usingoje kesho.

Na hili lishike sana: pini ya kufyatulia ya SKS nyingi haina springi, inaelea. Bunduki iliyokaa ghalani imejaa grisi nzito, na grisi ikiishikilia pini mbele, bunduki inaweza kufyatuka yenyewe bolti inapofunga. Kabla ya kuipiga mara ya kwanza, mpe fundi bunduki aivue bolti na kuiosha yote. Ukiitikisa ikiwa safi, unaisikia pini ikicheza: ka-ka, ka-ka. Ikiwa kimya, bado.

Nunua ile ambayo haijabadilishwa. Kitako cha plastiki na magazini ndefu ya kuchomoa huishusha thamani, na kwa bunduki iliyoingizwa kutoka nje huweza kuvunja sheria ya serikali kuu. California na Illinois ndiyo kabisa. Hesabu na risasi pia: tangu Septemba 2021 Marekani haitoi vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, zilizokuwa rahisi kuliko zote.

Ya tatu ni M1 Carbine, nyepesi mno, kilo mbili na nusu hivi, inayomfaa mtu mwenye mwili mdogo. Wakati wa vita ilitengenezwa hata na kampuni ya IBM, na pia na Rock-Ola, kampuni iliyokuwa ikiunda masanduku ya muziki. Risasi zake ghali. Ukiikuta ina vipande vya M2, ile ya otomatiki, usiiguse: sheria inaweza kuihesabu kama bombomu.

Baada ya hapo ni za watoza. FN-49 ya Ubelgiji ni nzuri sana, na kwetu ina historia, maana ilipelekwa pia Kongo ya Ubelgiji. Hakim ya Misri, iliyotokana na Ljungman ya Uswidi, ina bolti inayouma vidole. MAS 49/56 ya Ufaransa chukua ikiwa na risasi zake za asili za 7.5, zile zilizogeuzwa kutumia risasi za .308 zina sifa ya kukwama.

Weka hesabu ya sefu ndani ya bei, hasa kama una watoto. Na usifikirie kuipeleka nyumbani, wala vipuri vyake ndani ya kontena la nguo: kusafirisha silaha nje ya Marekani kunahitaji kibali cha serikali, na upande wa pili kunakungoja kosa jingine.