TAHADHARI: fundi tairi kaniuzia tairi kipara lililochongwa, na spea yangu kapita nayo

Wadau samahanini kwa urefu, nina hasira hapa mpaka vidole vinatetemeka, na nusu ya hasira ni ya kwangu mwenyewe maana mnaonijua mnajua mimi ndio yule anayewasemaga wengine "unaibiwaje kizembe hivyo". Haya, nimeibiwa kizembe. Chekeni kwanza mmalize halafu tuendelee.

Siku yenyewe ni ileile niliyochelewa kile kikao. Mliomo kwenye grupu mliiona picha niliyotuma kujitetea, tairi la nyuma kushoto limelala na kichwa cha msumari kinang'aa katikati kabisa ya kashata (yale meno ya tairi yanayogusa barabara). Ikumbukeni hiyo picha, nitairudia.

Pancha yenyewe haikunisumbua. Nilisogea pembeni pakavu, handbreki juu, jiwe tairi la mbele, nikalegeza nati kabla ya kupandisha jeki (ukipandisha kwanza tairi linazunguka hewani na wewe unaning'inia kwenye spana kama popo), nikafunga spea nikaondoka. Shida ni kwamba spea yangu ni ile nyembamba ya kusogelea tu kwa fundi, imeandikwa kabisa mwisho 80 kwa saa, na inataka upepo wa 60 psi, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na mimi nilikuwa sijaipima tangu... basi tu tuache. Ilikuwa imelegea. Gari inatembea kama bata aliyeumia mguu, watu nyuma wananipigia honi, kikao kimeshaanza, simu inaita, kwa hiyo nilipoona tu mahali pamepangwa matairi nikakata kona bila kuuliza mtu yeyote. Hilo kosa la kwanza nalikubali.

Mwenyewe ni mzee, ndevu zina mvi, anaongea taratibu kama anakusomea dua. Pole ndio ilitangulia, halafu kiti, halafu akaniita "mwanangu". Mimi mtu mzima akiniita mwanangu na kiti juu yake nimeshakwisha, ndivyo nilivyolelewa.

Kijana wake akatoa tairi langu kwenye buti akaliviringisha nyuma ya kontena, eti pipa la maji liko huko. Mimi nikabaki mbele na mzee tunapiga stori za barabara. Dakika kama kumi hivi. Likarudi limelowa, mzee akachukua povu la sabuni akapaka ubavuni, mapovu yakaanza kuchemka pale, puu puu puu. Tobo dogo la duara, safi. Akatikisa kichwa kwa huzuni, kabisa yaani kama daktari. "Mwanangu, ya ubavuni haizibwi. Atakayekuzibia hii hakutakii mema."

Na ni kweli! Hapo ndio alinipatia. Ya ubavuni haizibwi, ubavu unajikunja kila tairi likizunguka, kiraka hakikai pale, hilo nalijua miaka. Kwa hiyo alivyosema hivyo nikajiona nimepata fundi mkweli, maana muongo angeniwekea kiraka achukue chake. Nikauliza tu, msumari uko wapi mzee? "Umechomoka njiani." Nikasema ahaa. Nimesema ahaa, na picha ya msumari uko KATIKATI YA KASHATA ninayo mfukoni, nimeipiga mwenyewe saa moja iliyopita. Pale katikati ndipo panapozibika kuliko sehemu nyingine yoyote ya tairi. Yaani pancha ya kiraka cha dakika ishirini walienda kuniulia tairi zima nyuma ya kontena, na mimi niko mbele nimekaa kwenye kiti nawashukuru.

Subirini, kuna tamu zaidi.

Tairi la kwanza aliloniteremshia alilikataa yeye mwenyewe. Alilizungusha mara moja, akaweka kidole kwenye ufa mdogo, akasema hili sikuuzii, hili ni la mikokoteni, wewe una familia. Akalisukuma pembeni mpaka likaanguka. Jamani. Mtu anakataa hela mbele ya macho yako, utamshuku vipi? Nimelifikiria hili siku nne sasa na nina uhakika lile tairi lipo pale kwa kazi hiyohiyo, kila mteja analikataliwa.

Halafu ndio likaja "lenyewe". Jeusi, linang'aa, harufu ya mpira. Akachukua njiti ya kiberiti akaichomeka kwenye mfereji wa kashata, kichwa chote kikazama, akaniangalia tu bila kusema kitu. Saizi nikasoma mwenyewe ubavuni, ni ileile. Nikalipapasa, kiganja kikawa cheusi tii, na kabla sijafungua mdomo kijana kashafika na tambara na sabuni, "pole bosi, vumbi la barabara". Nikasema moyoni hawa watu wana huduma. Vumbi gani jeusi vile wadau?! Ilikuwa ni polishi mbichi imepakwa asubuhi hiyo kuficha nyufa, na mimi nanawishwa mkono kama bwana harusi.

Bei tukavutana, akashuka, nikahisi mpaka nimemuonea.

Wakati mzee anafunga tairi, kijana akabeba ile spea nyembamba. "Bosi hii imelegea, ngoja nikaijaze, hii inataka sitini." Mnaona? Anaijua namba. Mtu anayejua spea inataka 60 utamfuata nyuma kumchunga? Akaenda kulekule nyuma ya kontena, akarudi, akatumbukiza kwenye buti, akafunika kapeti vizuri, akapiga mlango wa buti paap. Nikampa na chake cha asante. Nimemlipa mwizi bakshishi, wadau, kwa mkono wangu huu.

Siku ya tatu jioni namrudisha mama kutoka kliniki, mnajua hali yake, amelala kiti cha nyuma. Sikuwa na spidi hata. Nikasikia tako la gari linaanza kucheza, kama mtu anatikisa kitanda, kabla sijaelewa, PAA. Gari ikavuta kushoto. Namshukuru Mungu sikukanyaga breki, nilishika tu usukani kwa mikono miwili nikaachia mafuta nikaiacha ijichokee yenyewe mpaka pembeni, maana ukibana breki tairi limepasuka gari inageuka. Mama akaamka anauliza tumefika?

Nikamwambia bado mama, ni pancha tu, dakika kumi. Nikafungua buti kwa kujiamini. Nikatoa jeki, spana, nikanyanyua spea, nyembamba vilevile, nyeusi vilevile, rimu ya chuma vilevile. Nikalegeza nati, nikapandisha gari, nikatoa lililopasuka, nikapachika spea. Haiingii. Nikazungusha. Haiingii. Nikadhani giza. Nikawasha tochi ya simu nikaishika kwa meno nikahesabu studi za gari (zile bolti zinazoingia kwenye matundu ya rimu), moja mbili tatu nne tano. Nikahesabu matundu ya spea.

Manne.

Nilihesabu mara tatu, nikidhani labda moja limejaa tope. Nimechuchumaa gizani na spea ya gari la mtu mwingine mapajani, mama nyuma anakohoa, na gari iko juu ya jeki. Hiyo picha haitoki kichwani.

Aliyenisaidia ni dereva wa lori, Mungu ambariki alipo. Aliweka pembetatu zake nyuma mbali kabisa ndipo akaja. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuliviringisha lile tairi lililopasuka kwenye mwanga wa taa zake, akacheka kile kicheko kibaya. "Kaka, hili limechongwa." Akanionyesha. Kashata zilikuwa zimeisha zamani, tairi ni kipara, jamaa wakachukua kisu cha moto wakachimba mifereji upya, wakachimba mpaka karibu na waya, ndio maana njiti ilizama vile. Ilizama kwenye nyama ya tairi! Waya zimechomoza kama ndevu. Akasema matairi ya malori baadhi yanachongwa kihalali kwa sababu yametengenezwa na mpira wa ziada kwa chini na yameandikwa ubavuni kabisa REGROOVABLE, lakini hili la gari dogo halina hilo neno wala huo mpira. Halafu akageuza upande wa ndani, ule unaotazama chini ya gari, akasugua na mate, ikatoka 3808.

Kwa wasiojua kama mimi juzi: kwenye yale maandishi yanayoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho ni tarehe ya kuzaliwa tairi, mbili za mwanzo wiki, mbili za mwisho mwaka. Wiki ya 38 ya 2008. Mwanangu wa kwanza hajazaliwa! Watengenezaji wengi wanasema ukifika miaka 10 lazima litoke hata kama kashata ziko kama mpya, na kuanzia wa 5 liwe linakaguliwa kila mwaka. Na kwa kuwa matairi mengi tarehe iko upande mmoja tu, mzee alilifunga tarehe ikiangalia ndani. Hakukosea huyo. Ana mkono wa muda mrefu.

Nimerudi kesho yake. Kiti hakikuletwa. "Mwanangu" imekufa, sasa mimi ni "ndugu". Eti tairi ni kama yai, likishatoka dukani halirudi. Eti nimepita kwenye shimo. Spea? Eti hawajawahi kuigusa. Tairi langu la zamani lilishatupwa. Yule kijana, eti hapa hatuna kijana. Risiti sina, nina meseji ya malipo tu, na jina kwenye meseji sio jina aliloniambia. Kesi nimeifungua na nimeambiwa nisimtaje hadharani, kwa hiyo msije inbox kuniuliza jina, sitatoa.

Lakini jamani huyu mtu angefungwa. Sio faini, faini atairudisha kwa matairi mawili. Hii sio biashara mbaya, hii ni kuua watu taratibu kwa mkopo. Mimi ningekuwa hakimu ningemfungia matairi kama lile kwenye gari lake, manne yote, nikamwambia haya mzee endesha usiku na familia yako, hapana, familia haina kosa, aendeshe peke yake, na kile kisu cha moto akibebe mapajani. Na kijana apewe spea ya matundu manne ahangaike nayo mpaka iingie. Anayejua sheria vizuri anisaidie hapa, hivi haihesabiki kama kujaribu kuua? Mama yangu alikuwa humo ndani!

Mlioniuliza dalili za utapeli wa namna hii, sawa, nitasema kwa haraka maana nikizikumbuka napanda presha. Tairi lisiondoke machoni pako, pipa la maji liwe wapi sijui wewe lifuate. Pancha ukiipata piga picha msumari ukiwa palepale ulipoingia, na uiangalie hiyo picha, sio kama mimi. Tairi la mtumba lipigwe sabuni likauke ndio ulitazame, na uchungulie chini ya mifereji kuna vinundu vidogo vimekatiza, vile ni alama ya 1.6 milimita, tairi likiisha linalingana navyo. Lililochongwa vile vinundu vinakuwa vimekatwa au havipo, na kingo za mifereji zimepindapinda kama mtoto kachora. Hilo la vinundu nimeambiwa mambo yameshaharibika. Tarehe usipoiona nje mwambie ageuze, akikataa ondoka. Na spea wekeni alama, rangi, mkwaruzo, chochote, halafu mkitoka kwa fundi yeyote funua kapeti uangalie. Mpaka ile ya kawaida ya kurudi kukaza nati baada ya kilomita 50 au 100 sikuifanya, ningeifanya ningeinama, ningeinama labda ningeona.

Shemeji usinipigie kuniambia "nilikwambia". Hukuniambia.

Ile spea ya matundu manne bado ninayo kwenye buti. Ina mkwaruzo mrefu mwekundu kwenye rimu na mtu kaandika herufi mbili kwa rangi nyeupe upande wa ndani, kwa hiyo ina mwenyewe na yeye pengine hajafunua kapeti lake mpaka leo. Kama gari yako ni ya nati nne na ulipita kwa mzee wa namna hii hivi karibuni, nenda kafungue buti sasa hivi. Ukikuta yenye matundu matano ni yangu. Nitajie hizo herufi mbili tubadilishane.