Siku ya Watani Uwanja wa Mkapa: Tathmini ya Huduma

Kwa mechi ya Simba na Yanga, hakuna pa kuitazamia kama Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, wenye viti takriban 60,000. Tiketi huingizwa kwenye N-Card, kadi ya kielektroniki ya malipo. Kila mtu awe na yake, aijaze siku moja kabla. Foleni ya getini huvimba pale kadi inapogoma kwenye mashine na mwenyewe akabaki amesimama akibishana.

Mzunguko, yaani majukwaa ya kawaida, ndiko kwenye bei nafuu na roho ya mechi. Angalia rangi kwanza. Nyekundu ya Simba katikati ya kijani na njano ya Yanga itazomewa dakika zote 90, na huo ni utani halali, wa klabu zilizozaliwa 1935 (Yanga) na 1936 (Simba). Utani huchacha bao linapokataliwa: anayeshangilia usoni mwa jirani hujibiwa kwa chupa ya maji. Hapo walinzi wachache waliopangwa mpakani mwa majukwaa hawatoshi, waongezwe. Mwenye watoto anunue tiketi ya jukwaa la VIP C. Mashabiki huko hutaniana wakiwa wameketi. Kutoka ndiyo kazi: subiri robo saa, waliofungwa watangulie.