Wiki nane za salsa, na mwenzangu alikuwa kiti

Jamani msinicheke. Nimelipia kozi ya salsa, ile dansi ya kucheza wawili wawili, huko Nyali, Mombasa, ile ya kujiandikisha na kulipa zote mwanzo, wiki nane, ikishaanza haingii mtu tena, na hiyo ndo ilinivutia, nikasema angalau hatutarudishwa nyuma kila siku na wageni. Maana kuhesabu hatua kwenyewe ni shughuli, moja mbili tatu, tano sita saba, nne na nane hukanyagi, mie hiyo nne ilinitoa jasho.

Wiki ya pili au ya tatu hivi feri ya Likoni ikanishika, nikafika nimechelewa kidogo tu, wenzangu washashikana. Mwalimu hata salamu hakuitikia. Ati "dada, wenzako wana watu wao, wewe chukua kiti." Nikadhani mzaha. Wallahi nikapewa kiti cha plastiki, cheupe, mguu mmoja umepasuka, nikizunguka nacho chalia kruuu sakafuni na watu wazima wanatazama. Kumbe waliokuja na wachumba wao hawataki kubadilishana wa kucheza naye, na mwalimu anawaogopa, sisi wanawake tuliokuja peke yetu ndo wa viti. Kuomba pesa yangu, "kozi ikishaanza pesa hairudi." Kwa hiyo ULIZA kabla hujatuma M-Pesa: mnabadilishana ama kila mtu na wake? Na ukikosa siku moja waifidia wapi, maana somo la leo limekalia la jana.

Lakini niseme haki. Siku moja mwalimu hakuja, akaja msaidizi wake, kijana mpole, kila wimbo ukifika katikati apiga makofi, "badilishaneni!" Saa moja ile nilipata kuliko wiki zote. Kuna wa kuvuta kama anafunga ng'ombe, kuna mzee mmoja hata hakushiki sawasawa lakini wajua tu wapi wapelekwa. Na wale wachumba sasa! Walikuwa wamezoeana tu, akishikwa na mwengine hajui kushoto wala kulia. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Basi nyota moja. Haya, mbili, ya pili ya yule kijana. Jana wametuma ujumbe kozi nyengine yaanza, nikafuta. Halafu nikampigia binamu yangu wa Kisauni nikamuuliza jioni huwa anafanya nini.