Mkaa wa vifuu vya nazi: kwa maharage haunishindi, kwa chapati bado

Nauza chakula Buguruni, Dar es Salaam. Asubuhi chapati na supu, mchana wali maharage, ndizi na samaki wa kukaanga. Majiko yangu yanawaka toka alfajiri mpaka saa nane mchana, kwa hiyo habari ya mkaa kwangu ni habari ya faida na hasara kabla ya kitu kingine chochote. Huu mkaa mbadala wa vifuu nimeupikia masika na kiangazi, nimeununua kwa wauzaji zaidi ya mmoja, na duka silitaji. Nauchambua mkaa wenyewe.

Nianze na kipimo, maana ndicho kilichonivuta. Huu unauzwa kwa kilo. Ule tuliouzoea unauzwa kwa kopo, kwa ndoo, au kwa gunia la lumbesa lililoongezwa kichwa juu, na kila mama lishe anajua kopo la leo si kopo la jana: mara limebonyezwa kitako, mara juu makaa ya maana na chini chenga tupu. Kilo ya vifuu mara ya mwisho nimeuziwa shilingi 1,200. Utasema ghali. Basi chukua kopo lako la mkaa wa miti, lipeleke kwa muuza nyama akuwekee kwenye mzani, halafu ndiyo tubishane. Mimi nilipimiwa, na muuza mkaa wangu wa zamani tangu siku ile salamu yake imepungua.

Wanaoutengeneza huchoma vifuu ndani ya pipa lisilopitisha hewa nyingi, vikishageuka mkaa wanavisaga, wanachanganya na uji wa unga wa muhogo ili vishikane, wanakandamiza kwenye mashine na kuanika juani. Vinatoka vijiti vinene vyenye tundu katikati. Kifuu ni kigumu, na kaa lake linadumu. Nikishabandika sufuria kubwa la maharage sirudi kuongeza mkaa mpaka yameiva, na wakati huo nimechambua mchele, nimekuna nazi, nimegombana na mtu wa maji. Hautoi cheche. Ukishakolea hauna moshi, na sufuria zangu siku hizi hazinimalizii steelwire. Supu ya makongoro ndiyo inaupenda kabisa: moto mmoja, wa taratibu, hadi mifupa inaachia.

Chapati ni kesi nyingine. Chapati inataka moto unaotii, ukipepea upande, ukitaka ushuke ushuke. Huu wa vifuu pepea mpaka mkono uchoke, utakwenda kwa mwendo wake uleule. Samaki nao, mafuta yakipoa kidogo tu wanayanywa, na mteja wa bodaboda hakosi kukwambia. Kwa chapati na samaki ninatumia mtungi wa gesi. Haya ya kusema mkaa mmoja unafanya kila kitu ni maneno ya tangazo.

Kuuwasha kuna utaratibu wake. Usiuanzishe wenyewe, weka vipande vichache vya mkaa wa kawaida au vifuu vikavu chini, vikiwa vyekundu ndiyo upange vijiti juu, vikiachiana nafasi. Usivichokonoe vikishawaka, vitavunjika viwe unga. Na kubwa zaidi, usivizime kwa maji. Mkaa wa miti ukiumwagia maji utaukausha kesho utumie tena, lakini huu ukilowa uji wa muhogo unaachia, unabaki na tope jeusi. Vifukie kwenye majivu. Jiko liwe lile la udongo ndani, maana kwenye jiko la bati tupu joto lote linaishia kwenye magoti yako.

Sasa, mimi ni Mzigua wa Handeni, na hapo ndipo sababu yangu nyingine ilipo. Mkaa unaokuja Dar unatoka huko kwetu, na Kilosa, na Rufiji, na Kilwa. Nimekua naona tanuri: magogo yanapangwa, yanafunikwa majani na udongo, yanaachwa yafuke siku kadhaa. Katika kilo 100 za kuni kavu tanuri la namna hiyo linatoa mkaa kama kilo 10 hadi 20, zilizobaki zimekwenda na moshi. Unaochomwa ni mti mgumu, myombo au mtondoro, kwa sababu ndio unaotoa kaa zito. Ni miti hiyohiyo ambayo nyuki wanafuata maua yake. Mtu ambaye hajawahi kuona pori la miombo linapochipua kabla mvua hazijanyesha, majani mapya yote mekundu kama shaba, ardhi bado kavu kabisa, atadhani namsimulia uongo. Mvua zikishika, uyoga unatoka chini yake. Bibi yangu alijua upi wa kula na upi wa kuacha, na tulikuwa tunarudi na ukwaju na mabungo bila kumlipa mtu. Sehemu tulizookota uyoga zimekuwa visiki. Wachoma mkaa wengine ni ndugu zangu, hiyo ndiyo ada ya shule ya watoto wao, siwezi kuwatukana. Ila kifuu kimeshatoa nazi yake na kingetupwa jalalani.

Serikali nayo imeshaanza kubana. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa ziache kuni na mkaa kufikia Januari 2024, na mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko ifikapo 2034. Genge langu halijafika watu 100, lakini naona upepo unakoelekea.

Angalizo kwa mnunuzi: kuna mkaa mbadala na kuna udongo uliopakwa rangi. Muuzaji mmoja alinipa wa kijivujivu, ukiuvunja ni laini, ukiwaka unaacha majivu ujazo uleule uliouweka. Huo umeshikanishwa kwa udongo, na ulinunua mchanga kwa kilo. Mzuri unalia ukigonganisha vijiti viwili, na ukivunjwa ndani unang'aa mweusi mpaka katikati. Tena kukosa moshi kusikudanganye ukauingiza chumbani usiku wa baridi. Mkaa wowote, wa mti au wa kifuu, unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

Kwa maharage, supu na makande naupa tisa kwa kumi. Kwa chapati nne, na nimewahurumia. Wauzaji mkinisoma: masika msiweke viroba sakafuni, vinafika kwetu vimenyonya unyevu na vinawaka kwa manung'uniko. Na atakayeniletea Buguruni kwa bajaji bila kunitoza nauli, nachukua viroba vinne kila Jumatatu, pesa mkononi.