Begi la dijei wa visiwani: anza na zipu

Madijei wanaopiga shoo visiwani wananiandikia lalamiko lile lile: begi bado jipya, limepanda boti mara chache tu, na zipu imeganda. Mmoja ilibidi achane kitambaa kwa kisu ili atoe kontrola (meza ndogo ya kuchanganyia muziki), watu wameshajaa ukumbini. Ndiyo maana mimi naanza na zipu; rangi na wingi wa mifuko nawaachia wengine.

Meno ya zipu nyingi ni ya plastiki, hayana neno. Kinachooza ni kile kichwa unachokivuta, ambacho mara nyingi ni cha chuma kilichopakwa rangi. Maji ya bahari yakikirukia na kukauka yanaacha chumvi, na chumvi inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo kichwa kinaendelea kulika hata begi likiwa kabatini. Ukiona ungaunga mweupe umeota pembeni mwake, ujue hakina muda. Halafu muuzaji anaandika "halipitishi maji" huku akimaanisha kitambaa peke yake! Hata YKK, kampuni ya kutengeneza zipu, zipu yao ya AquaGuard wanaiuza kama ya kupunguza maji kupenya, si ya kuyazuia kabisa.

1. Peli Air 1535, begi gumu la plastiki. Hili ndilo langu na sifichi mapenzi. Halina zipu kabisa. Linafungwa kwa makomeo, lina mpira wa kuziba ukingoni, na vali inayosawazisha hewa ili mfuniko usigome kufunguka ukishuka kwenye ndege. Ndani lina sentimita 51.8 kwa 28.4, kwa hiyo kontrola ya DDJ-FLX4 inaingia, ila nafasi ya sponji ubavuni inabaki nyembamba. Angalia uzito: likiwa tupu ni karibu kilo 4, kontrola ni 2.1, na ndege nyingi za bei nafuu zinakomea kilo 7 za mkononi. Waya chache na hedifoni, umemaliza. Pawabenki usiipeleke kwenye mizigo ya chini, hairuhusiwi huko. Bei yake inauma, na wauzaji wanaipandisha zaidi kwa kukulazimisha uchukue lenye sponji wakati lipo lisilo nayo.

2. Begi la mdomo wa kukunja, kama Rack-Pack ya Ortlieb. Jepesi, nalo halina zipu. Toa hewa, kunja mdomo mara tatu au zaidi, ndipo ubane vifungo. Halikingi kugongwa, kwa hiyo kontrola izungushie nguo nene. Ukumbi ukiwa na mashine zake, na wewe unabeba flashi na hedifoni tu, chukua hili na nauli ya mzigo ibaki mfukoni.

3. Mabegi ya mgongoni ya dijei, ya UDG au Magma. Kwa safari za barabarani sina ubishi nayo, sponji yake imepangwa vizuri. Kwa boti, kila ukirudi suuza zipu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikauke, kisha ipake nta ya mshumaa.

4. Ya bei ya kutupa: bebea waya.

Kabla ya kulipa mtandaoni, omba picha ya kichwa cha zipu kwa karibu. Wauzaji wanalipiga begi picha pande zote, mpaka nembo ya mkanda, ila hicho hawakionyeshi. Akikuzungusha, nenda kwa mwingine.