Kabla Hujabadilisha Amplifaya, Itazame Ncha ya Piki Yako

Nilinunua amplifaya ya valvu ya wati 100 kwa sababu muuzaji aliniapia kwamba ridhimu ya muziki wa metali, ile midundo mizito ya gitaa, haipatikani kwa kitu kidogo zaidi ya hapo. Nikaifikisha nyumbani, nikafungua geini (nobu inayoifanya sauti iwe kali na nzito), nikaegemeza ubavu wa kiganja karibu na daraja la gitaa na kuanza rifu, kipande kifupi cha kurudiarudia, niliyoizoea. Kilichotoka ni uji. Noti zimeshikana, hujui hii imeishia wapi na ile imeanzia wapi. Nikaongeza geini, uji ukazidi uzito. Nikapunguza besi, ukabaki uji mwepesi. Miezi minne nililaumu valvu, spika, waya, hata gitaa lenyewe.

Siku moja mazoezini mpiga besi wetu aliichukua piki yangu, kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi, akaielekeza kwenye taa, akaniambia, "Dada, hii imeshakwisha." Nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ncha haikuwepo. Upande mmoja ulikuwa umelika mshazari kama kisigino cha kiatu kilichovaliwa miaka, na ukingo wake una vijimeno vidogo unavyovihisi ukipitisha kucha. Akanipa yake mpya, ya unene uleule. Amplifaya ileile, nobu zote pale pale nilipoziacha, na noti zikaachana.

Tangu siku hiyo nikisoma mwongozo wowote wa kununua vifaa vya metali natafuta neno moja tu kuhusu kulika kwa ncha, na silioni. Wote wanapima unene. Unene una maana, sikatai: piki nyembamba inapinda, kwa hiyo mkono unafika kabla ya sauti. Lakini piki nene iliyolika ni mbaya vilevile, na sababu yake iko kwenye distoshoni yenyewe, ule uchafu wa makusudi wa sauti unaoletwa na geini. Geini ikiwa nyingi, tofauti ya kupiga kwa nguvu na kupiga taratibu inafutika, kila kitu kinasukumwa usawa mmoja. Kinachobaki kutenganisha noti na noti ni ule mwanzo mkavu wa piki inapouachia uzi. Ncha kali inauachia papo hapo. Iliyolika inapanda juu ya uzi, inaukwaruza, ndipo inauachia. Bila distoshoni unaweza usilisikie hilo kabisa. Ukiwasha distoshoni, mkwaruzo unakuzwa sawasawa na noti.

Na ncha inalika haraka kuliko watu wanavyodhani. Rifu ya mapigo 200 kwa dakika, noti mbili kwa kila pigo, mkono unashuka tu bila kupanda: hiyo ni mara 400 kwa dakika. Wimbo wa dakika 5 umeshapiga mara 2,000. Nyuzi nene zimezungushiwa waya, na kwa plastiki ule waya ni tupa kamili. Ukimaliza mazoezi angalia chini ya nyuzi, pale juu ya pikapu (kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi kwenye gitaa): ule unga unaouona ulikuwa ncha yako.

Basi huu ndio mpangilio wangu, na piki zinatangulia amplifaya kwa makusudi.

Ya kwanza ni Dunlop Tortex ya zambarau, milimita 1.14. Sifichi, mimi ni mtu wa Dunlop. Tortex ilitoka mwaka 1981 kuchukua nafasi ya piki za gamba la kasa. Uso wake haung'ai, una ukavu fulani unaoshika kidole hata mkono ukitoka jasho, na haipindi. Rangi nayo ni msaada: ukizoea zambarau huhitaji kusoma namba gizani jukwaani. Ukiona 1.14 ni ngumu mno, shuka kwenye ya buluu, milimita 1.0. Inalika, ndiyo, lakini piki ya umbo hili ina pembe tatu. Pembe ya mbele ikifa, izungushe utumie za pembeni. Ni za mviringo zaidi, ila zitakufikisha mwisho wa shoo.

Ya pili ni Jazz III, ya Dunlop pia, milimita 1.38. Ndogo, ncha kali, inatoka kwenye uzi upesi kuliko zote nilizowahi kushika. Imekosa nafasi ya kwanza kwa sababu ya udogo wake. Nikipiga kushuka tu kwa muda mrefu kidole kinasogea hadi kinagusa uzi, na noti inatoa mlio nisioutaka. Kwa solo ningeiweka juu.

Ya tatu ni zile za Ultex, plastiki ngumu ya Dunlop. James Hetfield wa Metallica, ambaye mkono wake wa kulia umefundisha wengi wetu, ana moja yenye jina lake, Black Fang, inayopatikana kwa 0.73, 0.94 na 1.14. Zinadumu. Sauti yake ni kali mno kwangu.

Seluloidi za bei rahisi: nzuri kwa kucharaza kodi.

Sasa amplifaya. Peavey 6505, bila kusita. Ni ileile iliyozaliwa mwaka 1992 kama 5150, iliyotengenezwa pamoja na mpiga gitaa Eddie Van Halen. Walipoachana mwaka 2004 jina likabadilika, uzao ukabaki. Wati 120, ina ule msagiko wa katikati ambao ridhimu inauhitaji. Usiikate midi, yaani nobu ya sauti za katikati, midi ndiyo inayokufanya usikike ngoma na besi zikiingia. Mbele yake weka pedali ya Ibanez Tube Screamer, draivu (nobu ya distoshoni yake) sifuri, leveli (nobu ya ukubwa wa sauti) juu. Inapunguza besi kabla haijafika kwenye distoshoni, na uzi mnene unakaza.

Kwa anayepiga chumbani, Boss Katana 50 inatosha kabisa: spika ya inchi 12, na inashuka hadi nusu wati usiwaamshe majirani. Viamplifaya vidogo vyenye spika ya inchi 6, pita.

Nikirudi kwa wauzaji, kuna jambo linaniuma. Ukiingia kujaribu amplifaya, muuzaji anakushikisha gitaa lenye piki yoyote aliyoiokota kaunta, iliyolika na vidole vya watu wote waliopita. Halafu yeye mwenyewe anakupigia solo juu kabisa ya shingo, mahali ambapo amplifaya yoyote inapendeza. Ridhimu haipigi. Na ukiuliza piki, anakupa pakiti ya mchanganyiko: 12 ndani, unene tofauti tofauti, mbili tu unazoweza kuzitumia, na umelipia zote. Duka moja la mtandaoni lilinitumia mchanganyiko huo mara mbili mfululizo nilipoagiza zambarau tupu, likakataa kuzichukua kwa sababu eti pakiti imefunguliwa. Ningejuaje kilichomo bila kuifungua?

Kwa hiyo nenda na piki yako mpya mfukoni. Fungua geini, bana uzi mnene kwa ubavu wa kiganja, piga mara nne, nyamaza ghafla. Sauti ikiendelea kuvuma baada ya mkono kusimama, hiyo amplifaya irudishe rafuni. Na piki nunua pakiti ya rangi moja. Wakisema zambarau zimeisha, subiri zije.