Katalogi ya zamani ya kompyuta: nimetafuta karafuu nikazikuta kwa Kizungu

Wiki iliopita nilikuwa natafuta vitabu vya karafuu kwa ajili ya wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, nikaingia maktaba moja hapa mjini Unguja, jina silitaji mana wenyewe wamenikirimu mpaka chai, basi si nikakuta bado wana ile kompyuta ya katalogi ya kizamani, skrini nyeusi maandishi meupe, hakuna mausi hakuna picha, CDS/ISIS ile ya MS-DOS khasa. Mie nilidhani zote zishauzwa vyuma chakavu.

Kwa wasoijua, ni programu ya UNESCO ya kuhifadhia na kutafutia kumbukumbu kama orodha za vitabu, toleo la kompyuta ndogo lilitoka 1985 na walikuwa wakiigawa bure, ndo mana ilienea sana nchi zetu hizi ambazo pesa ya programu za kununua haikuwepo. Kompyuta yoyote mbovu inaibeba. Na kasi yake wallahi msinambie kitu, unabonyeza enta majibu yashafika, simu yangu mpya inafungua ukurasa mmoja huku nakunywa maji.

Sasa tuje kwenye karafuu. Nimeandika KARAFUU, vikatoka vitabu vitatu. Nikasema haiwezekani, Zanzibar hii karafuu vitabu vitatu? Nikajaribu MKARAFUU, kikatoka kimoja chengine kabisa. MIKARAFUU, viwili vyengine. Yaani kwa mashine hii mti mmoja na miti miwili ni vitu visivyojuana. Ina alama ya dola, unaiweka mwisho wa neno ikuletee maneno yote yanayoanza hivyo, na kwa wenzetu wenye lugha inayogeuka mkiani inafaa sana, lakini sie maneno yetu yanageuka kichwani yakhe! Mvuvi, wavuvi, uvuvi, hiyo dola utaiweka wapi? Aliyeitengeneza hakuwa na shida na ngeli.

Bi mkutubi akaniona nahangaika akaja na daftari lake. "Mwanangu, hapa plasi ndo 'au', nyota ndo 'na'. Andika yote." Daftari lenyewe la skuli, la mistari, jalada lishafungwa kwa utepe, ndani kayaandika kwa mkono maneno yote yanayoulizwa sana na ndugu zao: MNAZI + MINAZI + NAZI, MVUVI + WAVUVI + UVUVI, kurasa na kurasa. Nikamuuliza bi mkubwa hili umeandika lini, akacheka tu. Mimi naona hilo daftari ndo katalogi, kompyuta ni msaidizi wake.

Halafu akanambia, "jaribu Kizungu." Nikaandika CLOVES. Zikamiminika! Vitabu vya Kiswahili, vilivyoandikwa na watu wetu, vyengine jina lake halina hata neno karafuu, vyote vimelala chini ya CLOVES, mana waliovisajili zamani mada walikuwa wakiziandika kwa Kiingereza kama walivyofundishwa. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu hilo atalijulia wapi? Hapa ndo nimekata nyota kwenye alama zangu, na sikati programu, nakata uamuzi wa kuacha mada hivo hivo miaka yote wakati uga wa mada, yaani ile nafasi ya kuandikia mada ya kitabu, unaweza kuweka maneno mawili, la Kizungu na letu, programu haikatazi.

Majina nayo vichekesho. Sie hatuna jina la ukoo, tuna jina la mtu, la baba, la babu. Katalogi inataka la mwisho litangulie, kwa hiyo mtu akiitwa tuseme Ali Juma Khamis, unamtafuta Ali unaambiwa yuko kwa babu yake.

Jengine, kitabu kipya kilikuwa juu ya meza mbele yetu, kimeshapewa namba, kimeshaingizwa, nikakitafuta ikajibu hakuna. Kumbe kuingiza ni kazi moja na kusasisha faharasa inayotafutiwa na mashine ni kazi nyengine, na pale wanasasisha Alkhamisi, sasa mie nilikwenda Jumatano.

Msidhani huku tu ndo tumechelewa. Maktaba ya Bunge la Marekani ilimpa kazi ya kuitia katalogi kwenye kompyuta Henriette Avram, ambaye hata mkutubi hakuwa, alikuwa mwandishi wa programu, akaja na MARC, majaribio yakaanza 1966 na maktaba 16: kila kitu cha kwenye kadi ya katalogi, ile karatasi ngumu ya kila kitabu inayokaa kwenye droo, kikapewa namba, mwandishi 100, jina la kitabu 245, mada 650, ili mashine ijue kipi ni kipi. Na kompyuta zote hizo zikatumika kufanya nini? Kuchapa kadi! OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba kule Ohio, walianza katalogi ya pamoja kwa kompyuta 1971, maktaba zikawa zinaagiza kadi zao huko na kuletewa kwa posta, na kadi za mwisho wamezichapa 2015. Elfu mbili na kumi na tano!

Kwa hiyo droo za kadi zilizoko pale pembeni sizicheki. Mnakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima hakuna umeme, miezi mitatu? Bi mkubwa anasema wakati ule kompyuta waliifunika kitambaa, na watu wakarudi kwenye kadi kama hakujatokea kitu. Nilivuta droo moja, kadi zimekuwa laini kwenye pembe kwa vidole, nyengine zina maneno ya peni ya rangi ya buluu yamesahihishwa juu ya taipu. Kwenye kadi ya karafuu mtu kaandika pembeni "taz. pia mikarafuu". Hiyo kompyuta haijawahi kuambiwa.

Nasikia wanafikiria kuhamia Koha, ile programu ya maktaba ya New Zealand ya bure, sawa, lakini wakihamisha na CLOVES yao watakuwa wamehamisha nyumba na mende.

Kasi napa tano, kutafuta kwa Kiswahili mbili, bi mkutubi sina nyota za kumtosha. Mkienda nendeni asubuhi, mana mchana jua linapiga skrini moja kwa moja huoni kitu, na anaetaka vya mwani aandike SEAWEED.